Dawa za Kupaka kwa Vidole Vinavyokufa Ganzi

Wako miongoni mwetu, hasa mabinti na akina mama, ambao wakigusa maji ya baridi alfajiri vidole hupauka, hufa ganzi, kisha damu irejeapo huwaka na kuuma. Wengine hudhani wamepatwa na kijicho. La hasha! Haya ni maradhi yaliyoelezwa mwaka 1862 na tabibu wa Kifaransa, Maurice Raynaud. Mishipa midogo ya damu hujibana kupita kiasi kwa sababu ya baridi au fadhaa. Kwenye ngozi nyeusi mpauko huo huenda usionekane wazi. Ganzi na maumivu ndiyo dalili.

Je, ipo dawa ya kupaka? Ipo marhamu ya nitrogliserini, dawa ile ile watumiayo wagonjwa wa moyo. Ikipenya ngozini hulegeza mishipa, damu ikapita. Lakini haibaki kidoleni: huingia mwilini, ikaweza kuleta maumivu ya kichwa, kizunguzungu na kushuka kwa shinikizo la damu. Kuichanganya na sildenafili, vidonge ambavyo baadhi ya wanaume huvinunua kwa siri, ni hatari kwa uhai. Basi isipakwe ila kwa maelekezo ya daktari, na mgonjwa asimfiche lolote. Mara nyingi daktari huanza na vidonge vya nifedipini.

Ama dawa za kuchua zenye pilipili, hizo huleta hisia ya moto. Lakini kuhisi moto si dalili kwamba mshipa umefunguka, na penye kidonda huunguza. Mafuta ya kawaida huzuia ngozi isipasuke, basi.

Kinga ndiyo msingi. Tuupashe joto mwili mzima, si mikono pekee. Maji ya udhu na ya kufulia yawe vuguvugu. Tusiweke vidole vyenye ganzi karibu na makaa, kwani vitaungua bila kuhisi. Tumbaku iachwe, maana hubana mishipa.

Kidole kikitoka kidonda au kikigeuka cheusi, hali ikiwa ya mkono mmoja tu, ikianza baada ya miaka 30, au ikiambatana na maumivu ya viungo na ngozi kukakamaa, twende hospitali upesi. Huenda nyuma yake kuna maradhi mengine, na kuchelewa kwaweza kumgharimu mtu kidole.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu.