Kabla ya kuizima antivairasi, jiulize faili imetoka wapi

Unaijua hali hii. Umepakua programu ya kuhariri video, ile ya kulipiwa ambayo mtu ameivunja kufuli, yaani kreki. Unapoifungua, antivairasi inapiga kelele: hatari! Unampigia beshte yako simu. "Aah, hiyo ni kawaida. Izime kwanza, uiweke, kisha uiwashe tena." Nawe unaizima.

Mimi niliizima nikifanya kazi katika saiba moja mtaani. Siku mbili baadaye faili zote za mashine ile zilikuwa zimefungwa, na kwenye skrini kulikuwa na ujumbe wa kudai pesa. CV za wateja zilipotea, pamoja na mradi wa mwaka wa mwisho wa msichana aliyebakisha wiki moja auwasilishe. Alilia pale kaunta. Sikuwa na la kumwambia.

Ni kweli antivairasi hukosea. Aprili 2010, McAfee ilitoa sasisho lililoichukulia svchost.exe, faili halali ya Windows XP, kuwa virusi. Kompyuta zikawa zinajizima na kujiwasha bila kukoma. Kwa hivyo sikwambii ufute kila kinacholalamikiwa. Ninachopinga ni kuamua kwamba faili ni salama kwa kuwa tu unaitaka.

Basi ufanyeje? Iache kwanza karantini. Humo haitaendeshwa, na bado hujaipoteza. Kisha uliza imetoka wapi: kwa mtengenezaji mwenyewe, au kwenye kiungo ulichotumiwa kwenye grupu ya WhatsApp? Tazama pia jina lake lote. "Ankara.pdf.exe" si PDF, ni programu iliyojivika nguo za PDF, na Windows huweza kukuficha hiyo ".exe" ya mwisho.

Baada ya hapo ipeleke VirusTotal, huduma ya bure iliyoanza mwaka 2004, inayoipitisha faili kwenye antivairasi kadhaa kwa mpigo. Zikilalamika moja au mbili tu, na faili umeitoa kwa mwenyewe, huenda ni kosa. Zikilalamika 40, acha ubishi. Lakini sufuri nayo si cheti cha usafi, kwani virusi vipya huweza kupita kabla havijajulikana. Na usipandishe huko nakala ya kitambulisho chako wala barua za siri. Faili zinazopelekwa huko hugawiwa kampuni za usalama.

Najua utaniambia, "Lakini kreki zote hulalamikiwa, hata zile safi." Mtego uko papo hapo. Anayetengeneza virusi anajua umeshazoea kupuuza onyo, kwa hivyo anaviweka ndani ya kreki, nawe unamfungulia mlango kwa mkono wako. Kama ni video unataka, DaVinci Resolve ina toleo la bure. Kama ni kuandika, LibreOffice ipo, haikudai hata shilingi.

Ukishapima yote hayo na bado una shaka, usiifungue. Programu utapata nyingine kesho. Mradi wa yule msichana haukupatikana tena, na aliyebonyeza kitufe ni mimi.