Kipuri na Kipimo Chake
Mwenye azma ya kuihuisha injini ya Land Rover ya zamani mjini Kibombo, kando ya reli ya Kindu, ambako kipuri kilichokosewa hakirudishwi dukani kwa wepesi, imempasa auhakiki kwanza umri wa injini yenyewe. Kwani ile ya petroli ya lita 2.25 ilikuwa na beringi kuu 3 hadi ilipopewa 5 mwaka 1980, na krankishafti ya beringi 5 haikai kabisa katika bloku ya beringi 3, hata fundi awe hodari namna gani. Kwa nje injini hizo hushabihiana mno, na hapo ndipo wengi huhadaika. Tena krankishafti iliyokwisha kuchongwa hupungua unene, hivyo beringi za kipimo cha asili hulegea, na shinikizo la oili hushuka. Nawasihi mafundi wetu: pimeni kwa maikromita kabla ya kuagiza.