KOSA HALIPIGWI MARUFUKU, LINASAHIHISHWA!

Kijana mwenzangu, unajua kwamba mwaka 1974 serikali yetu ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini? Mashine ya hesabu pale Hazina ilileta hasara, wakubwa wakaona dawa ni kufunga mlango!

Sasa watazame wenzetu. Wanaunda kompyuta za kwantamu, ambazo vijenzi vyake vya kubeba habari, yaani kyubiti, huharibika kwa joto au mtikisiko kidogo tu. Je, wamezitupa? Thubutu! Mwaka 1995 Mmarekani Peter Shor alionyesha njia: habari ya kyubiti moja isambazwe kwenye tisa, moja ikikosea ijulikane na irekebishwe. Kwetu Nyarubungo, kule Biharamulo, mkulima anaelewa: shimo moja, punje tatu za mahindi. Moja ikioza, shamba halibaki tupu. Desemba 2024 Google wakatangaza Willow, yenye kyubiti 105: walipoongeza kyubiti za kulinda habari, makosa yakapungua.

Kazi hiyo hufanywa pia na vijana waliotoka kumaliza udaktari, wanaolipwa kusaka makosa. Huku kwetu anayeonyesha kosa anaitwa mchochezi!

Basi muulize diwani wako: maabara ya fizikia ya shule ya kata iko wapi? Akinuna, umeshajibiwa.