Tuitetee Kaunta

Anayesifu baa za jadi za Uingereza huanza na vitu: maboriti meusi ya dari, moto wa kuni, vioo vilivyonakshiwa, kibao cha simba mwekundu kinachoning'inia juu ya mlango. Kumbukumbu za wageni zilizomo katika toleo hili nazo zimejaa vitu hivyo, na hatuoni sababu ya kuvibeza. Ila ukizisoma kwa utulivu utagundua kwamba wanachokililia wengi ni ule wepesi wa kuingia mahali usipojulikana, ukaagiza, ukasimama, na mara ukajikuta katika mazungumzo na mtu ambaye barabarani asingekusalimu. Hoja yetu inaanzia hapo. Haiba ya baa hizi imo katika mpangilio unaompa mgeni haki ya kuwapo bila kualikwa, na juhudi za kuzihifadhi zitakwenda bure endapo zitalinda vioo na maboriti huku mpangilio huo ukiachwa ufe.

Tuitazame kaunta yenyewe. Katika baa ya jadi mhudumu haji mezani. Kila kinywaji hufuatwa kaunta na kulipiwa papo hapo. Tajiri na kibarua, mwenyeji na mpita njia, wote hurudi tena na tena kwenye ubao uleule wenye urefu wa hatua chache. Foleni haionekani. Watu husimama bega kwa bega, na ni kazi ya mhudumu kukumbuka nani alitangulia. Anayengoja haiti wala hapigi makofi. Huiacha glasi tupu au noti ionekane mkononi, akamtazama mhudumu machoni. Akirukwa zamu, aghalabu jirani yake ndiye humtetea kwamba huyu alikuja mwanzo, na mazungumzo yameshaanza. Kate Fox, mwanaanthropolojia aliyezichunguza baa hizi kwa makini na kuchapisha kitabu cha Watching the English mwaka 2004, ameeleza kwamba kaunta ni mojawapo ya sehemu chache mno nchini humo ambapo ni ruhusa kumsemesha mtu usiyemjua. Kwa watu wanaoweza kupanda treni moja kila asubuhi kwa miaka bila kujuliana hali, ruhusa hiyo ina thamani kubwa. Kisha kuna raundi: anayenunua hununulia kundi zima, na zamu huzunguka. Ni deni dogo linalomfanya mtu abaki mpaka alilipe, na ndiyo njia nyepesi kuliko zote ya mgeni kukaribishwa kundini.

Ushahidi wa zamani unaelekea upande huohuo. Mwezi Februari 1946 mwandishi George Orwell aliandika katika gazeti la Evening Standard kuhusu baa aipendayo, akataja sifa 10, kisha akakiri kwamba baa hiyo haipo. Aliyowahi kuikuta ilifikia sifa 8. Alizitaja samani za enzi ya Victoria, ndiyo, lakini alitaja pia utulivu unaoruhusu watu kuzungumza, wahudumu wanaowajua wateja wao, na bustani ambamo wazazi hukaa pamoja na watoto. Kabla yake, watafiti wa mradi wa Mass-Observation, uliochunguza maisha ya kila siku ya Waingereza, walikuwa wameketi katika baa za mji wa viwanda wa Bolton wakiandika kila walichokiona, na katika kitabu chao cha mwaka 1943 walieleza kwamba, ukiacha nyumba na mahali pa kazi, hapakuwa na jengo ambamo watu wengi zaidi walitumia muda mwingi zaidi kuliko baa. Hata kanisa halikufikia hapo.

Wapo wasomaji wetu watakaosema, na wana haki ya kusema, kwamba tunakisifu kilabu cha pombe. Wengi wao dini imewakataza ulevi, na wanajua kwamba barazani kahawa peke yake hutosha kuyanogesha maongezi. Tunakubali, na tunaona kwamba pingamizi hilo linaipa nguvu hoja yetu: kinachofanya kazi ni mpangilio, bia ni sababu tu ya kuingia. Uingereza nayo iliwahi kuwa na nyumba za kahawa ambamo katika karne ya 17 yeyote mwenye peni moja aliketi na kuzungumza. Zikageuka. Ya Edward Lloyd ikawa soko la bima. White's, iliyofunguliwa mwaka 1693 kuuza chokoleti ya kunywa, ikawa klabu ya wanachama. Mlango uliobaki wazi kwa asiye mwanachama ulikuwa wa baa. Isitoshe, baa ikifungwa pombe haipungui kwa sababu hiyo. Sehemu kubwa ya pombe ya Uingereza leo hununuliwa madukani na kunywewa nyumbani, mbali na macho ya mtu yeyote. Mwenye baa, kwa upande wake, anabanwa na sheria isiyomruhusu kumuuzia aliyekwisha kulewa. Madhara ya ulevi ni ya kweli na yameua watu wengi. Kuzifunga baa hakujayatibu.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba mlango huo haukuwa wazi kwa wote. Baa nyingi zilikatwa kwa kuta, upande wa makabwela na upande wa waungwana, bei zikitofautiana kwa bia ileile. Wanawake walisukumwa pembeni. Watu weusi na Waasia walifukuzwa waziwazi. Mwaka 1964 Paul Stephenson, aliyeongoza ususiaji wa mabasi wa Bristol mwaka uliotangulia, alikataa kuondoka katika baa ya Bay Horse mjini humo. Alikamatwa, akashtakiwa, akaachiwa huru. Mwaka 1965 sheria ya mahusiano ya rangi ilipiga marufuku ubaguzi katika sehemu za umma, baa zikiwemo. Kwa wanawake ubishi ulidumu zaidi, hasa Fleet Street, mtaa wa magazeti jijini London. Katika baa ya mvinyo ya El Vino wanawake waliuziwa vinywaji, mradi wakae kwenye meza za chumba cha nyuma. Walichonyimwa ni kusimama kaunta, mahali ambapo waandishi wa habari na mawakili walipeana habari za siku, na mwaka 1982 Mahakama ya Rufani ikaamua kwamba huo ni ubaguzi. Hakuna aliyekwenda mahakamani kutetea maboriti. Na Wapunjabi wa miji ya Smethwick na West Bromwich, waliofanya kazi kwenye viwanda vya kuyeyushia chuma na kukataliwa katika baa za jirani, baadaye walizichukua wenyewe baa za mitaa yao, wakaongeza nyama choma ya viungo, wakaiacha kaunta palepale. Leo wazungu na Waasia hupanga foleni yao isiyoonekana mbele yake.

Inasemwa pia kwamba soko limeamua. Mwaka 2000 zilikuwapo baa zaidi ya 60,000. Sasa zimebaki kama 45,000. Lakini baa nyingi zina wateja na bado hufungwa, kwa kuwa kiwanja kina thamani kubwa kikijengwa nyumba za kuuza. Katika mitaa mingi ya London kibao na vigae vya nje vimehifadhiwa vizuri, na ndani kuna vyumba vya watu binafsi: vitu vimepona, mgeni hana pa kusimama. Baa ya Carlton Tavern, iliyobomolewa bila kibali mwezi Aprili 2015, ilijengwa upya tofali kwa tofali kwa amri ya halmashauri ikafunguliwa mwaka 2021, kwa sababu majirani walidai waitumie tena. Katika mtaa wa Nunhead, London, wakazi waliitumia sheria ya mwaka 2011 kuiorodhesha baa ya Ivy House kuwa mali yenye thamani kwa jamii, na mwaka 2013 wakainunua kwa pamoja. Sheria hiyo iliwapa wakazi miezi 6 ya kuchangishana fedha, ila haikumlazimisha mwenye jengo kuwauzia wao hata wakiileta bei kamili. Hapo ndipo tunapotaka irekebishwe: wakazi walioleta bei iliyopangwa na mthamini huru wauziwe, na baa iendelee kuwa baa.