Mtandao Ukikata, Lawama Zote kwa Kijana wa IT?

Jumapili ya Mei 12, 2024, nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika, bosi mmoja maarufu jijini Mwanza alimwakia kijana wake wa IT utadhani ndiye kazikata. Jamani! Nyaya ziko chini ya Bahari ya Hindi, kijana yuko Kirumba anahangaika na ruta. Na huyo huyo ndo fundi printa, ndo mlinzi wa data za wateja, ndo anayeposti Instagram ya ofisi. Mshahara mmoja.

Alishaomba seva ya hapo hapo ofisini, mauzo yaendelee hata mtandao ukizingua. Akajibiwa hakuna bajeti. Mwezi uliofuata bosi kaonekana Capri Point na gari jipya, namba E. Wadau, ungekuwa wewe ungebaki?