FAHALI WA KUAZIMANA ANAKULA MSHAHARA WETU



Sisi tuliotoka Migori na Homa Bay akiba yetu iko malishoni. Mshahara ukibaki, mtamba hununuliwa nyumbani, naye ndiye ada ya shule, ndiye mahari, ndiye posho ya uzeeni. Basi mtamba huyo akipandwa, akataka fahali tena mwezi ujao, na tena, ni jasho letu linalopotea. Nyumbani watasema ni jicho la jirani. Nasema si jicho.

Wako vijidudu wa aina mbili, Tritrikomonasi na Kampilobakta, wakaao katika ngozi ya uume wa fahali. Fahali mwenyewe haumwi wala hakondi, na watu humsifu. Lakini majike anaowapanda huwaambukiza, na mimba hufa ingali changa, kabla mwenye ng'ombe hajajua kama ilikuwapo. Fahali mmoja aweza kutia hasara kijiji kizima.

Dawa yake yajulikana zamani: kupandisha kwa mrija, kwa mbegu ya fahali aliyepimwa. Kituo cha Kabete kilifunguliwa 1946, na waliofaidi kwanza ni masetla. Mwaka 1966 Serikali ilianzisha huduma ya taifa zima kwa ada ndogo. Kisha katika miaka ya 1990 kazi hiyo ikaachiwa wafanya biashara. Mfanya biashara hufuata penye faida. Hatafunga safari mpaka Ndhiwa kwa ajili ya zebu watatu wa mjane. (Hata reli yetu, iliyofika Kisumu 1901, haijafika Migori.)

Tena yuko adui mbaya zaidi, Brusela. Ng'ombe akitupa mimba ya miezi mitano au zaidi, mshuku huyu. Yumo katika kitoto kilichotupwa, katika kondo la nyuma na katika maziwa mabichi. Mama zetu hushika vitu hivyo mikono mitupu. Mtu akiambukizwa hupata homa ya kuja na kwenda na maumivu ya viungo, na huku kwetu ziwani kila homa huitwa malaria. Hata kipimo cha haraka kilichotumika hospitalini, uchunguzi uliotolewa 2017 kutoka magharibi mwa Kenya ulionyesha kuwa hakiaminiki. Na matibabu si ya siku tatu. Ni dawa mbili kwa majuma sita. Nani analipa? Sisi. Na chanjo ya ndama majike ipo!

Wapo watakaosema kazi ya chama ni mshahara na saa za kazi, si tumbo la ng'ombe. Nawauliza: nyongeza ya mshahara ina maana gani ikifia zizini?

Tangu 2013 mambo ya mifugo yako mikononi mwa kaunti. Twataka ndama wachanjwe bure, fahali wa kuazimana wapimwe, na mbegu ya mrija ifike kwa bei ya mtu wa mshahara mdogo. Kila katibu wa tawi aandike wanachama ambao ng'ombe wao hawashiki mimba au wametupa mimba mwaka huu, pamoja na lokesheni zao. Orodha hiyo tutaiweka mezani kwa wakuu wa mifugo wa kaunti zote mbili.