Mlipa ushuru wa soko asikose kikao cha bajeti

Mfanyabiashara anayevuka mpaka wa Namanga na magunia ya vitunguu anazijua taratibu za forodha kama anavyoijua mizani yake. Anajua kwamba bidhaa iliyozalishwa ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ikiwa imo kwenye orodha iliyokubaliwa na thamani yake haizidi dola 2,000, hupita kwa cheti rahisi cha uasili bila kutozwa ushuru wa forodha. Asichokifuatilia ni pesa ndogondogo anazolipa akishavuka: ushuru wa soko, ada ya maegesho, leseni ya biashara. Hizo haziendi forodhani. Upande wa Kenya ni za kaunti, upande wa Tanzania ni za halmashauri.

Pesa hizo, pamoja na mgao wa serikali kuu, ndizo zinazotegemewa kujenga choo cha soko, kuhudumia zahanati na kumalizia darasa. Soko likikosa choo, mama anayeuza tangu alfajiri hulipia choo cha mtu binafsi, juu ya ushuru alioulipa asubuhi. Darasa likikosa paa, mwanawe hubanana na wenzake katika chumba kimoja. Malalamiko hayo husikika kila siku vibandani. Katika vikao vinavyogawa fedha husikika kwa nadra, maana wenye malalamiko wako safarini.

Ombi likipelekwa mlango usio wake hurudi mikono mitupu. Namanga ni mji mmoja wenye milango miwili: Kaunti ya Kajiado na Halmashauri ya Wilaya ya Longido. Kenya, Katiba ya 2010 iliziachia kaunti chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini, zahanati, vituo vya afya na masoko. Shule za msingi na sekondari zilibaki kwa serikali ya kitaifa, na madarasa yake mengi yamejengwa kwa mfuko wa maeneo bunge, NG-CDF. Mzazi akimbana mwakilishi wadi kuhusu darasa la shule ya msingi, ataambiwa kwa haki kabisa kwamba hiyo si kazi ya kaunti. Akimbana kuhusu chekechea au choo cha soko, kiongozi huyo hana pa kujificha.

Tanzania mambo ni tofauti. Shule za serikali, za msingi na sekondari, zinasimamiwa na halmashauri. Kijijini, ombi huanzia mkutano mkuu wa kijiji, ambako kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 na kuendelea ana sauti, likapita Kamati ya Maendeleo ya Kata hadi Baraza la Madiwani. Wananchi wamezoea kuchanga tofali, mchanga na nguvu zao mpaka boma lifike kwenye lenta, kisha wakaiomba halmashauri ipaue. Lakini boma ambalo halikuingizwa kwenye mpango wa kijiji na wa kata linaweza kukaa miaka likiota nyasi, na michango ya wazazi imelala humo.

Jambo la pili ni kalenda. Nchi zote mbili huanza mwaka wa fedha Julai 1. Wengi hushtuka Juni bajeti inaposomwa, wakati chungu kimeshaepuliwa. Kenya, mpango wa maendeleo wa kaunti hutakiwa kufika bungeni kwake kufikia Septemba 1, waraka wa mkakati wa fedha kufikia Februari 28, na makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30. Tanzania, vijiji na kata huibua vipaumbele vyao kabla madiwani hawajaijadili na kuipitisha bajeti ya halmashauri. Anayetaka choo cha soko mwakani, upande wowote, inampasa kuanza kukidai mwaka huu.

Wapo watakaosema kuacha kibanda siku nzima ni kula mtaji. Ni kweli. Ndiyo maana kazi hii si ya mtu mmoja. Chama cha soko kinaweza kuweka zamu, mjumbe aende kikaoni na wenzake wamlindie biashara. Mjumbe huyo asiende na kilio peke yake, aende na hesabu. Kwa mfano, vibanda 200 vikilipa shilingi 500 kila siku ya soko, na soko likawa siku 100 kwa mwaka, hizo ni shilingi milioni 10. Kiongozi aliyewekewa hesabu hiyo mezani, risiti zikiwa pembeni, atalazimika kueleza ni kiasi gani kilirudi sokoni.

Sheria inawaunga mkono. Kenya, Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inampa raia haki ya kuwasilisha ombi rasmi kwa kaunti. Tanzania, mkutano mkuu wa kijiji unapaswa kufanyika kila miezi mitatu, na hapo ndipo wananchi wanapotakiwa kusomewa mapato na matumizi. Viongozi nao wana wajibu. Kikao kinachoitishwa saa nne asubuhi siku ya soko kinawafungia nje walipaji wenyewe. Kiitishwe siku nyingine, na ubao wa mapato na matumizi ubandikwe sokoni, usiishie ofisi ya kata.

Linabaki suala la anayelipa ushuru nchi ambayo hapigi kura. Mchuuzi kutoka Longido anayeuza upande wa Kajiado hachagui mwakilishi wadi, lakini pesa yake imo kwenye kapu lilelile na choo anakihitaji vilevile. Vyama vya soko vya pande mbili vikipeana takwimu, mwenyekiti wa upande wa Kenya ataingia kikaoni na risiti za wageni pia, na wa Tanzania atafanya hivyohivyo kwa Wakenya. Hilo halihitaji mkataba mpya wa Jumuiya. Linahitaji daftari moja kila soko, mtu wa kuliandika, na risiti zisizotupwa jioni pamoja na maganda ya ndizi.